Kaka yangu aligeuza wiski ya limau na yai kuwa chakula, nusura tumpoteze siku ya mahari

Wakuu, salamu kutoka Bunia.

Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Shule niliishia ya msingi na kidole changu kwenye simu hakina haraka, kwa hiyo mnivumilie. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu, na mwenyewe aliyepatwa ameniruhusu.

Kaka yangu mkubwa (huku tunasema yaya) anaitwa Faustin. Naishi kwake, yeye na mke wake Mama Neema. Mwaka jana alikutwa na ugonjwa wa sukari. Muuguzi akampa vidonge, akamwambia aache bia na soda, tena asiruke chakula.

Yaya alisikia bia na soda. Hilo la chakula lilipita.

Ana rafiki yake, barman wa hoteli moja ya mjini. Huyo ndiye alimfundisha kokteli wanayokunywa wageni: wiski, maji ya limau, sukari na ute wa yai, unatikisa mpaka povu linapanda. Yaya akaondoa sukari. Akawa anatikisa nyumbani katika chupa tupu ya mayonezi. Kiini cha yai alinipa mimi, nakaanga.

Halafu akasoma kwenye simu kwamba glasi moja ya kinywaji hicho ina kalori zaidi ya mia. Hapo nyumba haikutulia tena.

"Kalori iko chakula," alisema. "Limau iko vitamini. Yai iko protini. Sukari nimetoa. Sasa hii bugali munanipikia ya nini?"

Mama Neema akamjibu, "Basi kesho nitakuogesha na wiski, nisimalize sabuni."

Tulicheka wote.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Dada yetu mdogo alikuwa ameposwa na kijana wa Mahagi. Wageni walikuwa waje Jumamosi mchana kuongea mahari, nyumbani kwa mjomba wetu Papa Anselme. Yaya ndiye alikuwa msemaji wa familia. Mama Neema hakuwepo, alikwenda kijijini Boga kuzika shangazi yake.

Kwetu mwenyeji hagusi chakula kabla ya wageni wa mahari. Nyama iko kwenye sufuria, harufu inakutesa, unameza mate. Ndiyo heshima.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Wageni wakapiga simu: gari limezama kwenye tope, tusubiri.

Tukasubiri. Yaya alikuwa amemeza kidonge chake asubuhi, bila kula kitu. Njaa ilipomshika akatoa chupa yake ya mayonezi kwenye mfuko. "Hii haihesabiwi," akasema, "mimi ninakunywa tu." Akanywa glasi. Baadaye akaongeza ya pili.

Kwa yaya glasi mbili si kitu. Ndiyo maana nilishtuka nilipoona mikono inamtetemeka.

Kulikuwa na baridi ya mvua, lakini shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Nikamgusa shingo. Ilikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Nikamuuliza anajisikiaje. Akanitukana, yeye ambaye hajawahi kunitukana. Kisha akaanza kuhutubia wageni ambao hawajafika, maneno hayana kichwa wala miguu, akateleza kwenye kiti mpaka chini.

Papa Anselme akasimama, ameshika kichwa.

"Ona huyu! Amelewa siku ya mahari! Mumubebe, mumufungie mu chumba. Wageni wasimuone."

Tukambeba. Mjomba akafunga mlango na kubaki na ufunguo mkononi.

Wakuu, mimi ni mtu wa aibu. Mbele ya wakubwa sauti yangu haitoki. Nilisimama pale ukumbini, naangalia ule mlango. Nilijua huo si ulevi, lakini sikujua ni nini.

Nikaenda nyuma ya jikoni nikampigia Mama Neema.

"Leo amekula nini?" akauliza.

"Ile wiski yake."

"Ninauliza chakula!"

"Hapana, shemeji."

"Na dawa amemeza?"

"Amemeza."

Akapiga kelele mpaka nikatoa simu sikioni. "Sukari imemushuka! Mutie sukari mu kinywa sasa hivi! Usimunyweshe kitu kama hajiwezi, atapaliwa. Mulalishe ubavu, mupake mu fizi na mu mashavu. Kisha hopitali!"

Mtandao ukakatika.

Bakuli la sukari lilikuwa kwenye sinia la chai ya wageni. Nikalichukua, nikaenda mlangoni.

"Mujomba, nifungulie."

"Na hiyo sukari ni ya nini?"

"Ya yaya. Mama Neema amesema imemushuka."

Ukumbi mzima ukanigeukia. "Weye iko mzima?" mjomba akasema. "Mutu anaugua sukari, na weye unamuongezea sukari? Unataka kumumaliza?"

Hapo mniamini, nami niliogopa. Kwa sababu hata mimi ndivyo nilivyojua: sukari ndiyo adui yake. Shemeji yuko mbali, hajamwona. Je, kama amekosea? Mkono wangu ndio utakuwa umemuua.

Lakini nilikuwa nimegusa ile shingo.

"Ukimuua, utabeba damu yake," mjomba akasema.

"Nitabeba, mujomba. Nifungulie."

Sijui ilitoka wapi, sauti ilikuwa kubwa. Akaniangalia kama hanijui, akatoa ufunguo.

Yaya alikuwa anakoroma vibaya, macho nusu wazi, meupe. Nikamgeuza ubavu, nikalowesha kidole, nikachovya kwenye sukari, nikampaka kwenye fizi. Tena. Tena. Hakuna kitu.

Hapo ndipo honi ikalia nje. Wageni.

Mjomba akafunga mlango kwa nyuma yangu. Nikasikia wanawake wanapiga vigelegele, wanaimba kwa nguvu kuliko kawaida, na viti vinaburutwa. Nje mahari inaanza, ndani mimi na yaya, kidole changu mdomoni mwake. Nilikuwa naomba Mungu na kupaka, naomba na kupaka.

Ulimi ukasogea.

Mara ya kwanza nilidhani ni macho yangu. Kisha akalamba kidole. Akameza. Baadaye kidogo akafumba macho vizuri, akayafungua, akanitazama.

"Unafanya nini mu kinywa changu?"

Nililia, wakuu. Sioni aibu kusema.

Lakini bado hakuweza kusimama, na shemeji alisema hospitali. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, kupitia ukumbini, katikati ya wageni. Mjomba akachungulia, akanong'ona, "Ngoja kwanza wamalize kusalimiana."

Sikungoja. Nikamweka yaya mgongoni nikatoka naye hivyo hivyo.

Nyimbo zikakatika. Baba wa yule kijana, mzee mwenye tope mpaka magotini, akainuka. Nilijua mahari imeisha hapo.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni kaka wa bibi harusi," nikasema. "Ni mugonjwa."

Akamgeukia dereva wake. "Washa gari." Halafu akashika miguu ya yaya, tukambeba wote wawili.

Hospitalini walimpima, wakamwekea dripu ya sukari. Daktari alimkaripia mpaka nikamwonea huruma. Alitueleza hivi, nami nayaandika kama nilivyoelewa: karibu kalori zote za glasi ile zinatoka kwenye pombe yenyewe. Ute wa yai ni protini kidogo, limau ni kidogo zaidi. Na kalori za pombe mwili hauzigeuzi kuwa sukari ya damu. Ukikaa na njaa, ini ndilo hukutolea akiba ya sukari. Likipewa pombe, linashughulika na pombe kwanza. Huku kidonge kinaendelea kushusha. Ukianguka, watu wanasikia harufu ya wiski wanasema umelewa.

Kwa hiyo somo nililopata ni hili. Kalori si chakula kwa sababu tu zinahesabika. Anayetumia dawa za sukari asinywe pombe na njaa, hata kwa heshima ya wageni. Akianza jasho la baridi na maneno ya ovyo, msimfungie chumbani. Kama anaweza kumeza, mpeni kitu kitamu. Kama hawezi, mpakeni kwenye fizi na mumkimbize hospitali.

Mahari iliongewa wiki iliyofuata. Papa Anselme alimwambia yaya ale kwanza, mbele ya wageni wote, na wageni wakamngoja amalize sahani.

Nyie wenye wagonjwa wa sukari nyumbani, siku za sherehe mnafanyaje? Niandikieni.

Na kuna jambo lingine. Yaya anataka kujua kama akila bugali vizuri kwanza anaweza kurudia hata glasi moja. Mimi nimekataa kumjibu. Mjibuni ninyi, ameketi hapa kando yangu anasubiri kusoma.