Wiki Tatu Bila Kuosha Kichwa

Mtu akikuambia dredi zinaanza vizuri, huyo anakuuzia jeli. Zinaanza vibaya. Mimi nilianza zangu nikiwa na miaka sitini na saba, nywele nyeupe, kipara kimeshakula utosi, na sababu yangu haikuwa urembo.

Kijana wangu wa pekee alikuwa na dredi. Alipofika miaka ishirini na mbili zilikuwa zinamgusa mabega. Mimi ni mtu wa mawe. Niliacha shule darasa la tatu, nikachonga mawe kwa nyundo kwenye machimbo ya watu huku Thika mpaka nikanunua mashine yangu mwenyewe ya kukata. Nyumba nyingi za Gatongora zimejengwa na mawe yangu. Sikutaka mtu aseme nimelea mhuni. Nilimwambia azikate, akakataa, tena kwa adabu. Basi mchana mmoja, pale machimboni, niliita wafanyakazi wawili wamshike, nikazikata kwa makasi ya kunyolea kondoo. Wafanyakazi walicheka. Na mimi nilicheka. Nilizibeba nyumbani nikazitupa kwenye moto wa jikoni, mama yake akiangalia, na ile harufu ilikaa kwa mapazia wiki nzima. Kijana aliondoka siku hiyo na nguo alizovaa.

Miaka minane hatukuongea. Nilijua aliko. Alikuwa amefungua kibanda Gitothua, anasokota watu dredi. Mama yake alikuwa anaenda kumwona kila Jumanne, ananiambia anaenda sokoni, na anarudi na kikapu kitupu. Nilinyamaza. Nilidhani kunyamaza ni kumruhusu, na kumruhusu ni wema mkubwa.

Mwaka jana huyo mama alifariki. Tulimzika Ngoliba, kwenye shamba letu, ardhi kavu mpaka jembe linalia. Kwetu wengine bado hunyoa kichwa baada ya mazishi, na ndugu zangu walikuwa wameweka wembe na beseni kando ya tangi la maji. Kijana wangu alisimama nyuma na wageni, dredi zimemfika kiunoni. Ndugu yangu mkubwa akamwita.

"Wewe, njoo unyolewe. Huyo aliyelala hapo ni mama yako."

"Baba mkubwa," akajibu, "mimi nilishanyolewa."

Akaondoka kabla udongo haujasawazishwa. Zamu yangu ilipofika niliukataa wembe. Wakaniuliza kwa nini, nikawaambia waendelee na kazi yao.

Nywele zilipofika urefu wa kiungo cha kidole nilienda Gitothua. Ndani ya kibanda kulikuwa na mteja mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye benchi, kijana wa bodaboda, ameshika helmeti mapajani.

"Guka," akaniambia, kama anayemwita babu yake, "kinyozi ni mlango wa pili."

"Sijapotea."

Kijana wangu alikuwa amenipa mgongo. Mikono ilisimama kidogo, ikaendelea. Alimaliza kichwa kilichokuwa mbele yake, akakung'uta kiti, ndipo akageuka.

"Mzee, unataka nini?"

Mzee. Kama anavyomwita yeyote anayeingia.

"Nataka kuanza dredi."

"Ala, buda anaoa tena," yule wa bodaboda akasema. Kijana wangu akamwangalia mpaka akainamia simu yake.

"Kaa," akaniambia.

Alifanya kazi kwa muda wa saa tatu, kwa kitana na jeli, akigawa nywele mstari kwa mstari, akisokota kila kidogo alichopata. Mikono yake haikuwa mikali. Ningependa ingekuwa. Hakusema lolote mpaka mwisho, halafu akasema yale anayomwambia kila mteja, na mimi niliyashika yote kwa sababu yalikuwa maneno mengi kuliko niliyosikia kwake tangu aondoke.

"Usioshe wiki tatu. Zitawasha, usikune na kucha, bonyeza na ncha ya kidole. Zingine zitafumuka, usizisokote mwenyewe. Zitasimama kama miiba, utaonekana mtu asiye na kwao, vumilia. Ukiwa kwa vumbi funga kitambaa, ukilala pia. Wiki ya nne unarudi nikaze mizizi."

"Wiki ya nne," nikasema.

"Kama bado ziko."

Hapo ndipo niliona njia. Mteja wa dredi hurudi. Kila wiki nne anakaa kwenye kile kiti, saa mbili, mwaka baada ya mwaka. Kuomba msamaha sikujua kunavyofanywa, sijawahi kufanya. Lakini kukaa kwenye kiti naweza. Nilihitaji tu nywele zishike.

Siku za kwanza ni maumivu. Ngozi inavutwa mpaka nyusi zinapanda, na huwezi kuweka kichwa kwenye mto. Nililala nimeketi. Jumapili nilikaa mahali pangu pa mbele kanisani na benchi lote likabaki langu. Baada ya ibada mzee mwenzangu, tuliyeinua naye kuta za kanisa hilo, akanivuta kando.

"Wewe umefiwa, tunaelewa. Lakini hiyo kichwa hapana."

"Hii kichwa ndiyo ilitoa mawe ya hizi kuta."

"Basi ikae nje ya kuta mpaka inyolewe."

Jumapili iliyofuata sikwenda.

Wiki ya pili ni kuwasha. Nimefanya kazi na siafu ndani ya suruali na nikamaliza kukata jiwe, kwa hiyo najua ninachosema: hii ni mbaya zaidi. Mba zinadondoka kwenye chai. Pembeni mwa masikio tano zilifumuka, nikaziacha kama nilivyoambiwa. Nilifuata yote niliyoambiwa isipokuwa moja. Sikufunga kitambaa.

Mashine ya kukata mawe hutoa vumbi jeupe laini kama unga. Linaingia puani, kwenye chakula, kila mahali. Siku zote nilifanya kazi kichwa wazi na jioni nikaosha. Sasa siruhusiwi kuosha, na kichwa kina jeli. Mtu yeyote wa ujenzi angejua kitakachotokea. Mimi wa miaka hamsini kwenye mawe sikujua, au sikutaka kujua. Kufikia wiki ya tatu kichwa kilikuwa kama ukuta uliopigwa plasta. Nilikuna na kucha. Kucha zikatoka na damu.

Ikanishinda. Nilichukua maji moto na sabuni ya kipande nikaosha. Maji yalikuwa ya kijivu, kisha mekundu. Zilizofumuka zilifumuka. Baadhi ya zilizoshika ziling'oka na ngozi.

Nilirudi Gitothua siku tano kabla ya siku yangu, na kofia. Hakukuwa na mteja. Nikaivua. Alisugua dredi moja iliyobaki katikati ya vidole, akanusa.

"Hili ni vumbi la machimbo."

"Ndiyo."

"Nilikuambia nini?"

"Kitambaa."

"Kwa nini hukufunga?"

Ningeweza kudanganya. "Niliogopa wafanyakazi watanicheka."

Akaiachia ile dredi.

"Wale walionishika?"

"Mmoja bado yuko."

Akaenda mlangoni, akasimama akiangalia barabara. Aliporudi alikuwa na mashine ya kunyolea. "Hizi haziwezi kupona. Vidonda vitaoza chini yake. Zote zitoke." Akaiwasha, akaileta karibu na sikio langu, kisha akaizima.

"Nikate?"

Hakuuliza kwa upole wala kwa hasira. Aliuliza anavyouliza kila mtu, na akasubiri. Nilikaa kwenye kile kiti nikaona jinsi ilivyo kazi ndogo, kuuliza. Neno moja. Halingenichukua hata pumzi.

"Kata," nikasema.

Alinyoa kichwa chote, kama nilivyotakiwa kunyolewa Ngoliba. Alinipaka dawa ya vidonda. Kisha akafagia nywele zangu peke yake, akazifunga kwenye gazeti, akanipa mkononi.

"Zako hizo. Hapa kila mtu huenda na zake."

"Nirudi lini?"

"Vidonda vipone, halafu ziote. Kwa umri wako, mwaka."

"Nitarudi."

Alikuwa ameanza kupanga vitana.

Gazeti liko juu ya kabati, halijafunguliwa. Nimenunua kitambaa cha kijani na ninakifunga machimboni juu ya kichwa kisicho na kitu. Wafanyakazi wanacheka, na yule mmoja anacheka kuliko wote. Kila asubuhi napitisha kiganja utosini. Pembeni kuna kitu kinachokwaruza kidogo, kama mchanga. Juu hakuna.