Herufi Kubwa za Elinipenda

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mpaka leo hainitoki moyoni, nayo ni siku mimi na Elinipenda tulipopimwa Kiingereza. Waingereza ndio waliotawala, na sisi tulikuwa wasichana wa shule ya misheni huku mlimani Meru. Nafasi ya kwenda kusomea ualimu ilikuwa moja tu. Elinipenda alinizidi katika kila somo. Tulikaa dawati moja, kwa hiyo najua ninachosema.

Mkaguzi alipanda kutoka mjini kwa gari. Akataka kila mmoja aandike ubaoni habari kidogo za kwao, kwa Kiingereza. Akaanza Elinipenda. Aliandika kwamba mlima uko kaskazini mwa shamba lao la kahawa, na kwamba mama yake amezikwa pale pale, kwenye migomba. "North" akaianza kwa herufi kubwa. "My Mother" nayo hivyo hivyo.

Mkaguzi akachukua chaki, akayakata maneno yote mawili. "Nani amekufundisha hivi?"

"Hakuna, bwana," Elinipenda akajibu taratibu. "Kaskazini ndiko uliko mlima wetu, na huyu ni mama yangu. Niliona si heshima kuyaandika maneno hayo kwa herufi ndogo."

Mkaguzi akacheka. Darasa nalo likacheka, kwa kuwa mkubwa amecheka. Kisha akatueleza, huku amempa Elinipenda mgongo: neno la upande, kama kaskazini mwa shamba, huandikwa kwa herufi ndogo, lakini neno hilo likiwa sehemu ya jina, kama Jimbo letu la Kaskazini, huanza kwa kubwa. Na ukisema "mama yangu", ndogo. Ukimwita Mama, kama vile ndilo jina lake, kubwa. Basi. Hakuna aliyewahi kutuambia.

Nikafuata mimi. Niliandika sawasawa, maana nilikuwa nimekwisha kusikia. Nafasi nikapewa mimi.

Jioni nilimkuta shambani kwao, akipalilia. Nikamsihi arudi shuleni, mwalimu wetu amwombee kwa mkaguzi.

"Acha tu, dada," akasema. "Siwezi kurudi kwenye ubao ule. Wamemkata mama yangu pale."

Hakurudi. Aliolewa, akalea watoto wake vizuri, akauza ndizi sokoni, na Kiingereza hakukiandika tena. Mimi nilifundisha mpaka nikastaafu, na kila nilipofika kwenye somo lile la herufi kubwa, nilimkumbuka Elinipenda. Mwalimu hasa alikuwa yeye. Sasa ametangulia, nami sina wa kumwambia hayo.

Wewe unakwenda kuanza kazi hii, mwanangu. Usimpime mtoto kwa jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Akikosea, muulize kwanza aliwaza nini, ndipo umsahihishe, tena kwa sauti ya chini. Na lile usilolijua wewe, liulize mapema, usione haya.

Nenda salama. Mungu aulainishe ulimi wako, na kila mtoto atakayesimama mbele ya ubao wako arudi kukaa akiwa na furaha.