Kipaza Sauti Kilichosema Bila Umeme

Asubuhi niliyoondoka kwetu Ganda sikuwa na mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la sita, na miguu yangu haikujua kutulia. Adhuhuri ikanikuta Marereni, kwenye lango la mashamba ya chumvi, ambako Fundi Mkuu wa umeme alikuwa akitafuta msaidizi.

"Unaujua umeme?"

"Najua unachoma."

"Basi nusu ya kazi unaijua."

Tulitunza pampu zilizovuta maji ya bahari hadi kwenye majaruba, yaani vidimbwi vipana vya kukaushia chumvi. Adui yetu alikuwa kutu. Hewa ile hula waya, misumari, hata bawaba za mlango.

Wiki ile ile kipaza sauti cha langoni kikaanza kunong'ona. Tulikuwa tumekikatia umeme, kimebaki kuning'inia na waya wake mrefu, lakini kila asubuhi kilitaja majina ya marehemu na mahali pa mazishi. Wafanyakazi wakagoma kupita hapo.

"Huu ni mkono wa mtu," wakasema, na macho yote yakamgeukia Mzee Kazungu, bawabu mwenye mvi. Kwetu, mzee akishatajwa kuwa mchawi, uhai wake uko hatarini. Msimamizi akamtaka aondoke kabla ya Ijumaa.

"Shikamoo, Mzee. Ni wewe kweli?" nikamuuliza.

"Marahaba. Mwanangu, ningekuwa na uwezo wa kukisemesha chuma, ningefungua lango miaka yote hii?"

Alhamisi, Fundi Mkuu akaufuata waya kwa kidole hadi kwenye kiungo kilicholiwa na kutu. Akawaita watu wote, akawasha redio ndogo kando ya kipaza sauti na kuzungusha kitufe. Ghafla vyote viwili vikamtaja marehemu mmoja kwa pamoja.

"Mkono upo," akasema, "ila ni wa mtangazaji! Waya umedaka mawimbi ya redio, na kutu imeyageuza kuwa sauti." Akakikata kiungo. Kipaza sauti kikazimika, redio ikaendelea peke yake.

"Ala! Tulitaka kumfukuza mzee wa watu kwa kosa la kutu!" akasema mama mmoja wa majarubani, na watu wakaangua kicheko. Mzee Kazungu alibaki langoni hadi alipostaafu.

Mimi sikutosheka. "Fundi, wimbi laweza kuwapo bila chanzo?"

"Likishatoka halimtegemei tena aliyelituma. Zima mtambo sasa hivi. Lililokwisha kutoka linaendelea na safari. Hesabu za vitabuni zinaruhusu hata lisilotoka popote. Ila mimi sijawahi kukutana nalo kazini."

Wala mimi, na nimefanya kazi hadi mvi. Nilichojifunza ni kwamba watu hawavumilii jambo lisilo na mwenyewe. Wakikosa chanzo humtwika jirani.

Juzi, nikiwa mstaafu, nilipanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo. Kabla sijatua mzigo, mpangaji mmoja akaninong'oneza kwamba paa huvuma kila alasiri, na kwamba bibi wa chumba cha mwisho "si mtu wa kawaida."

Nikaomba ngazi.