Kioo Kilichokosekana Kwenye Leza ya Perez

Hebu mwone akifika. Ni saa mbili asubuhi pale Nyamasaria, na Nabalayo anakuja kando ya lami, kigoda amekigeuza kichwani miguu juu, mkononi mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa bisibisi. Hana haraka. Akisalimiwa anasimama kabisa, anaweka mkebe chini, anauliza habari za watoto mmoja mmoja. Wateja wawili wanamngoja kwenye kibanda chake cha kutengeneza vifaa vya umeme na wala hawanung'uniki. Wamemzoea.

Alizaliwa Port Victoria, na ufundi hakufundishwa na mtu. Redio ya baba yake ilianguka ziwani, wakubwa wakaitupa, yeye akaifungua ili aone maji yamekaa wapi. Aliianika kipande kwa kipande juu ya jiwe, kando ya omena, wale dagaa wa ziwani. Siku ya nne ikaimba. Sasa amevuka hamsini, na bado akifungua kitu ananyamaza vile watu hunyamaza kanisani.

Basi Jumanne moja akaja Perez, mama wa omena kutoka ufuo wa Seme, kule chini ya Kombewa. Mkononi alikuwa na leza, ile ya bei rahisi yenye umbo la kalamu nene, inayotoa doa la kijani. Usidhani ilikuwa ya kuchezea. Alfajiri, kabla jua halijapanda, akina mama hutandaza omena mchangani juu ya nyavu, na yangeyange hushuka kama wamealikwa. Perez aligundua kwamba doa la kijani likitambaa mchangani karibu na miguu yao, ndege huruka wote. Wenzake saba wakanunua kama yake. Sasa yake ilikuwa imezima, na kesho alfajiri omena wangekuja.

"Mama fundi, nifanyie haraka," alisema. "Jana wamenilia karibu nusu ya wavu."

Nabalayo akatoa betri mbili ndogo, akachungulia ndani. Springi ilikuwa imeota kutu kwa maji ya samaki. Akaikwangua kwa wembe, akarudisha betri, akabonyeza. Kijani! Fundi mwingine angeishia hapo. Yeye akaanza kufungua kichwa cha shaba.

"Yawa, si imewaka?" Perez akashangaa.

"Imewaka. Sijajua inawakaje."

"Wewe mtu akikuletea kuku anayechechemea, utamfungua mpaka uone yai!"

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka, na Nabalayo akacheka nao, lakini mikono haikusimama. Alitandaza kitambaa cheupe. Kikatoka kibao cha umeme cha upana wa ukucha, kisha kidude kidogo kinachotoa mwanga, kisha kipande cha fuwele kama punje ya mchele, halafu lenzi. Mbele ya lenzi kulikuwa na mfereji mwembamba wa duara, kama kiti. Mkaaji hakuwepo.

Akakunja uso. Aliwahi kufungua leza ya mhadhiri mmoja, ya bei kali, na kwenye kiti kama hicho kulikuwa na kioo cha rangi ya bluu iliyopauka.

Sasa, mafundi wetu wana desturi moja. Ukileta rimoti ya televisheni, wanaielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu na kubonyeza, kwa sababu kamera hiyo huona mwanga wa rimoti ambao jicho halioni. Nabalayo hupima hivyo kila kitu kinachotoa mwanga. Akaiunganisha leza tena, akaimulika kwenye katoni, akaitazama katoni kupitia simu.

"Nyar Seme," akamwita, yaani binti wa Seme, "leta macho hapa."

Perez akainama. Kwenye katoni lilikuwepo doa dogo la kijani. Kwenye simu, doa hilo lilizungukwa na wingu pana la zambarau.

"Hii ni nini tena? Umeanza uganga?"

"Ndio mwanga wenyewe wa kwanza, mama. Unaingia kwenye ile punje, sehemu inageuka kijani, inayobaki inatakiwa izuiwe na kioo. Aliyetengeneza hii hakuweka kioo. Mwanga mkali ukiuona, jicho linajifumba. Huu hauuoni, kwa hiyo hulifumbi, nao unaliunguza ndani."

Perez akasema kwa sauti ya chini: "Mimi humulika, na mwanangu Achola anainama upande ule mwingine wa wavu."

"Ndiyo maana sikupi bado."

"Na kesho nitafukuza ndege na nini? Na maombi?"

Nabalayo alikuwa ameshavuta droo na kutoa kamera ya mpiga picha wa harusi, iliyokufa maji miaka mingi iliyopita. Alijua kwamba ndani ya kamera za aina hiyo huwekwa kioo cha kuzuia mwanga uleule. Akakitoa kwa kikoleo cha kung'olea nyusi. Kilikuwa kikubwa kidogo kuliko kiti. Akakisugua pembe kwenye jiwe la kunolea, akilitia maji, na pembe moja ikavunjika, tak. Benchi zima likavuta pumzi. Akakigeuza, akaanza upande mwingine, polepole mno hata Perez akaacha kulalamika na kuanza kumpepea kwa kipande cha gazeti.

Kilipokaa, wakamulika tena. Kijani kilekile. Kwenye simu wingu lilikuwa limeisha.

"Hata sasa usiimulike macho, ya mtu wala ya ndege," Nabalayo akasema. "Mchangani tu."

"Nimesikia, daktari." Perez akaishika leza kwa vidole viwili, kama yai. Halafu akakumbuka wenzake saba, akaketi tena.

Siku hiyo alirudi Seme na ujumbe kwamba zao pia zisiwashwe mpaka zitiwe kioo, na nasikia leza saba zimefungwa ndani ya mfuko, wenyewe wanafukuza yangeyange kwa leso na kelele. Nabalayo naye amebandika katoni mbele ya kibanda: NATAFUTA KAMERA ZILIZOKUFA. Mpaka leo amepata mbili. Bado tano.

Na wewe unayesoma, ile kamera yako ya zamani uliyoshindwa kuitupa, iko kwenye droo gani?