Nyeupe ya Yai, Bila Chumvi

Mtu asikudanganye kwamba omeleti ya nyeupe tupu ni kazi ndogo. Unapasua yai ukingoni mwa bakuli, unaligawa ganda nusu kwa nusu, unahamisha kiini kutoka nusu hii kwenda nusu ile huku nyeupe ikidondoka chini, na usipumue vibaya, maana kiini kikipasuka kidogo tu umeharibu yote. Mimi nafanya hivyo kila asubuhi kabla sijanywa hata chai, kiuno kikiwa bado kinauma kwa kazi ya jana. Kisha naipiga ile nyeupe kwa uma mpaka itoe povu. Napaka kikaango mafuta kidogo, mafuta ya kutia aibu, natupia kitunguu na lengalenga, mchicha wetu, iliyokatwa nyembamba, nafunika, napunguza makaa. Chumvi hakuna. Chumvi imekatazwa. Kinachotoka hapo hakina harufu wala ladha, na ndicho ninachompelekea mama yangu mzazi barazani kwetu hapa Alunguli, ng'ambo ya mto, anapokaa na miguu yake imenyooshwa juu ya kiti.

“Vita ilishaisha,” aliniambia siku ya kwanza, akiigeuza kwa kidole kama anayekagua nguo ya mtumba. “Vita ilishaisha, na miye niko nakula kama wakati ya vita.”

“Kula, mama. Hii njo dawa.”

“Dawa ya kunifukuza duniani, labda.”

Lakini alikula. Alisema Bismillahi, akamega, akatafuna huku ananitazama kwa jicho la kunilaumu, akamaliza. Mimi nikachukua sahani nikaenda nyuma ya jikoni, na vile viini nilivyokuwa nimeviacha kwenye kikombe nikavimwagia bata wa jirani. Nilivimwaga haraka haraka, mama asije akavitazama akaanza kuuliza.

Nitaeleza kwa nini nilijificha hivyo, ingawa sipendi kuieleza.

Miguu ya mama ilianza kuvimba mwanzoni mwa mvua. Tulisema ni uzee, tukasema ni kukaa sana, tukakanda kwa maji ya moto. Uso nao ukavimba, macho yakawa madogo. Nikampakia kwenye mtumbwi tukavuka mto mpaka hospitalini, na huko wakampima mkojo, wakampima damu, wakatukalisha mpaka tukachoka. Mwishowe munganga, daktari wa pale, akaniita pembeni. Akasema figo za mama zinavuja, zinamwaga mkojoni ile nguvu inayojenga mwili, ndiyo maana maji yanakaa miguuni. Asiporudishiwa hiyo nguvu atazidi kuvimba mpaka pumzi imkatikie.

“Umupatie nyeupe ya yai kila siku,” alisema. “Kiini uache, mafuta yake ni mengi kwake. Nguvu ya kujenga mwili iko mu nyeupe.”

Nilishika ukuta. Yule munganga alidhani naogopa ugonjwa. Akanipa pole, akaniambia akina mama wengi wanaishi na figo hivyo hivyo. Mimi kimawazo sikuwa hapo. Nilikuwa nimerudi kwenye chumba chetu cha zamani, nimekaa kwenye mkeka, nasubiri yai ligawiwe.

Wakati ule wa vita, njia za kwenda mashambani zilifungwa. Mchele wa Kibombo haukufika tena. Aliyethubutu kwenda kuchimba muhogo wake mwenyewe alirudi mikono mitupu, au hakurudi. Baba alikuwa amekwenda Punia kwenye machimbo kabla mambo hayajaharibika, na njia ikamfungia huko huko. Tulibaki watatu: mama, mimi niliyekuwa na akili ya kutosha kuchota maji na kunyamaza, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa ametoka tu kuachishwa ziwa. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi na bila mawese. Siku nyingine tulikula majani ambayo mpaka leo siyajui jina, na sitaki kuyajua.

Mdogo wangu akaanza kunenepa. Ndivyo tulivyodhani! Mashavu yalijaa, miguu ikajaa. Jirani mmoja akamwambia mama, “Huyu mutoto wako anakulaka nini? Ameanza kunona.” Mama akacheka, akafurahi. Halafu nywele zake zikageuka rangi zikawa kama za mahindi, akaacha kucheza, akawa analia sauti moja nyembamba mchana kutwa. Mama akamfinya mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale, halikufutika.

Kituo cha afya kilikuwa kimebaki na mama muuguzi mmoja na kabati tupu. Hakuwa na cha kutupa. Alisema tu, “Tafuta yai.” Hakusema zaidi, na mama hakuuliza zaidi, kwa maana yai kila mtu analijua.

Kuku tulikuwa naye, mmoja. Mama alimficha chumbani chini ya kapu. Kuku akitaga hupiga kelele, na kelele hiyo wenye bunduki waliijua vizuri, kwa hiyo mama alikuwa akimsikia anaanza tu, anamrukia na kitenge anamfunika mwili mzima, na anamwimbia taratibu kama anayembembeleza mtoto. Leo ningecheka. Siku ile nilikuwa namwangalia mama akimwimbia kuku na nilikuwa namwonea wivu kuku.

Yai lilichemshwa. Mama alilimenya, kisha akachomoa uzi kwenye pindo la kitenge chake, akauzungusha kwenye yai na kukaza polepole, nyeupe ikafunguka bila kuumiza kiini. Kiini kikatoka kizima, mviringo, cha njano kama jua. Akakiweka kinywani mwa mdogo wangu kidogo kidogo. Ile nyeupe akanipa mimi.

“Kiini njo inakuwaka kuku,” alinieleza, kwa sababu nilikuwa nimenuna. “Nguvu yote iko mule. Hii ingine ni maji tu imeganda. Kula, usilie, weye uko mukubwa.”

Nilikula maji yangu yaliyoganda. Na kila mara kuku alipotaga ikawa hivyo hivyo: uzi, kiini kwa mgonjwa, maji kwangu. Mama mwenyewe alilamba uzi.

Mdogo wangu alifariki asubuhi moja, mama akiwa amemshika na mimi nikiwa nimekwenda kuchota maji. Kuku naye wenye bunduki walikuja kumchukua baadaye, na mama hata hakugombana nao. Baba aliporudi kutoka Punia, mji ukiwa umeshatulia, alisimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja, akatafuta wa tatu kwa macho. Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Tangu siku ile sijala kiini cha yai. Mama alijaribu. Mambo yalipokuwa mazuri alinichemshia yai zima, na mimi nilikitoa kiini nikakiweka ukingoni mwa sahani. Aligomba, alibembeleza, aliacha. Kile hakikuwa changu, basi. Sikuwa na maelezo mengine, na hakuna aliyenidai maelezo.

Sasa umeelewa kwa nini nilishika ukuta. Mtoto aliyevimba alipewa kiini, na mkubwa mwenye kununa akapewa nyeupe. Mama yangu ameishi maisha yake yote akijua kwamba alimpa mwanawe aliyeugua kilicho bora cha ndani ya nyumba. Alikuwa na hilo tu la kushikilia. Nani angemwendea na kumnyang'anya? Si mimi! Nikaamua kwamba mama atakula nyeupe yake, na hatajua kwa nini.

“Na kiini munaninyima juu ya nini?” aliuliza.

“Presha, mama. Kiini kinapandisha presha.”

“Aka! Kiini njo chakula yenyewe.”

“Munganga njo amesema, si miye.”

Alinung'unika, lakini aliheshimu munganga. Ikawa kazi yangu ya kila siku: kupasua, kuhamisha, kukaanga, kudanganya. Mguu wake nilikuwa naufinya kila asubuhi kwa kidole gumba, na shimo lilianza kufutika upesi kidogo. Nilichoka, lakini nilikuwa nimechoka kwa faida.

Halafu tukarudi hospitalini kupimwa. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, na mbele yetu mama kijana amebeba mtoto wa mashavu yaliyojaa. Muuguzi, binti mzuri tu, hana kosa lolote, akamwambia kwa sauti ya kusikika na benchi zima: “Huyu hakunona, amevimba. Anakosa kile kinachojengaka mwili. Yai usimunyime, na usitupe ile nyeupe, watu wanasemaka ni maji. Nyeupe njo inajenga mwili.”

Nilimwangalia mama. Alikuwa ametazama mbele, mikono kwenye mapaja. Kwenye mtumbwi wa kurudi aliugeuzia uso majini. Nikamwonyesha hiki, nikamwonyesha kile. Hakugeuka.

Kesho yake nilimletea omeleti yake akaisukuma.

“Sina njaa.”

Kesho kutwa vilevile. Akanywa chai tu, chai kavu. Nikaiwekea pilipili, nikaikatia nyanya, nikaikunja vizuri kama ya hotelini. Akaifunika na kitambaa. Miguu ikaanza kujaa tena, na usiku alilala amekaa kwa sababu akilala chali pumzi haitoshi. Nilirudi kwa yule munganga peke yangu, nikamweleza yote, ya sasa na ya zamani. Alinisikiliza vizuri, Mungu ambariki. Akasema kiini nacho kinajenga, na kwamba yai moja la mara moja moja, uligawe upendavyo, lisingeweza kumwokoa mtoto aliyefika pale. Nikavuka mto mbio mbio na habari hiyo kama niliyebeba sindano ya kumponya.

“Amekuonea huruma,” mama alisema. “Njo amesema vile.”

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilikuwa nimechoka, jamani, nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na hasira ndiyo pekee iliyokuwa na nguvu ndani yangu.

“Basi kufa!” nilimpigia kelele, sahani mkononi. “Kufa, mama, uache miye nibaki peke yangu na hii kikaango! Unafikiri ukifa na njaa yeye atarudi? Uliimbia kuku! Ulilamba uzi! Unataka ungefanya nini zaidi?”

Majirani walichungulia. Hata bata, nadhani. Mama alinitazama, macho yake madogo ndani ya ule uso uliovimba.

“Si yeye peke yake,” alisema. “Weye pia. Miye nilikupatia maji. Sikujua ni chakula. Nilijua ni maji, na nilikupatia, nikakuambia kula.”

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Siku zote hizi nilikuwa nimemlinda mama asiumizwe na mtoto aliyekufa, kumbe aliyekuwa anamkaba koo ni mimi niliye hai.

Nilikaa chini karibu na kiti chake. Tulikaa hivyo, hatukulia sana, tulilia kiasi.

“Bata wa jirani wamenona,” alisema mwishowe. “Unafikiri sikuonaka? Kesho, kiini usimwage. Ukaange pia.”

Kesho yake nilipasua mayai kama kawaida. Nilikaanga nyeupe kwanza, nikaigeuza, nikaiweka kwenye sahani. Kisha nikapiga viini vyake peke yake nikavikaanga kwenye kikaango hicho hicho, vikatoka omeleti ndogo, nyembamba, ya njano. Nikaziweka bega kwa bega nikampelekea. Nilijua kiini kimekatazwa kwake, na nilijua kwamba akikitaka sitakuwa na nguvu ya kumkatalia.

Mama alivuta sahani mapajani. Akachukua ile ya njano kwa vidole, yote, akainyoosha mbele ya uso wangu.

“Hii njo yako,” alisema. “Ya tangu siku ile. Fungua kinywa.”

“Mama, miye sikulaka...”

“Fungua kinywa.”

Mwanamke wa umri wangu, mwenye mvi, nilifungua kinywa barazani mchana kweupe na mama akanilisha kidogo kidogo, kama alivyokuwa akimlisha yule mwingine. Kilikuwa kikavu, kizito, kilinikwama kooni. Nilimeza. Alisubiri mpaka kipande cha mwisho, akaniangalia kinywani kuhakikisha.

Halafu akaitazama ile nyeupe iliyobaki.

“Na hii njo ya mudogo yako,” alisema. “Yeye hayuko. Miye nitaila pahali yake.”

Akasema Bismillahi. Akala yote, taratibu, bila kulalamika hata mara moja kwamba haina chumvi.