Mapenzi Yalipoingia Nusu Duka

Kazini walimwita Mama Vituko, na asikudanganye mtu, mwenyewe hakuwa mcheshi hata chembe. Watu waliojipanga naye foleni benki wakitarajia kuvunjwa mbavu waliambulia kusonywa. Ucheshi wake wote aliumalizia kwenye kompyuta, alikokuwa akiandika Nusu Duka, kichekesho cha televisheni kilichorushwa kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari. Watu walikuwa wakioga mapema ili wasikikose.

Habari yenyewe ilikuwa nyepesi. Fundi wa saa na muuza vifungo wamekodi chumba kimoja cha biashara, kwa kuwa hakuna aliyekimudu peke yake, wakakigawa kwa pazia. Fundi Saa huchelewa kila siku. Bibi Vifungo huwahi kila siku, na akishawahi hulisogeza pazia kidogo upande wa mwenzake. Basi, hakuna zaidi. Nani kasogeza pazia, nani kazima feni, nani kamjibu vibaya mteja wa nani. Wawili hao walirushiana maneno miaka nenda rudi, na nchi nzima ikashika matumbo.

Mumewe alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa kibaraza cha nyuma cha nyumba yao, kimejaa sponji, vitambaa na viti vya watu vilivyovuliwa nguo vikingoja kuvishwa nyingine. Akiwa kazini aliibana misumari midogo kwa midomo, anaitoa mmoja mmoja na kupigilia. Ndiyo maana hakuwa msemaji, na ndiyo maana mkewe alimwona msikilizaji bora duniani. Kila kipindi cha Nusu Duka kilisomwa kwanza pale kibarazani. Misumari ikibaki mdomoni, utani unafutwa papo hapo, hakuna rufaa. Misumari ikimwagika sakafuni, umepita. Kile kipindi cha feni nusura kimfanye fundi ameze mmoja, na mama alikisifia mwaka mzima.

Sasa akaja meneja mpya wa vipindi. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kukuita "dada yangu" kabla ya kukuumiza.

"Dada yangu," alimwambia Jumatano moja, "watazamaji wanataka wapendane."

"Nani na nani?"

"Fundi Saa na Bibi Vifungo."

Mama Vituko alimwangalia kama mtu aliyeambiwa aweke chumvi kwenye chai. Kisha akaanza. Na akianza, jamani, huyu mama hana breki.

"Hebu nisikilize, kaka yangu. Watu wawili wanagombea pazia. Wakipendana watalitoa pazia. Wakilitoa, sisi tutaangalia nini? Chumba?"

"Watu wameandika maoni mengi sana, dada yangu."

"Hata mtoto ukimuuliza anataka nini atakwambia pipi! Utampa pipi asubuhi, mchana na jioni? Mimi nimeviona vichekesho vikifa, nimevizika kwa macho yangu. Siku ya kwanza macho yanagongana, unaingia muziki laini. Siku ya pili mwanamke aliyekuwa na ulimi kama wembe anaanza kuongea kama kadi ya harusi. Kicheko kinakauka. Wakishtuka, wanawagombanisha. Wakiona haitoshi, wanawapatanisha. Wakikwama kabisa, anashuka kwenye ndege mpenzi wa zamani aliyekuwa masomoni! Na yule jirani aliyekuwa anatuchekesha, sasa kazi yake ni kubisha hodi wakati wanataka kubusiana. Mnaniudhi nyie watu. Mnaniudhi!"

Meneja alimwacha amalize. Wapole ndio walivyo.

"Jumatatu niletee kipindi ambacho wanaambiana wanapendana," alisema. "Ukishindwa, itabidi nimpe mtu mwingine aandike. Samahani sana, dada yangu."

Mama Vituko alifika nyumbani anatoka moshi masikioni. Nusu Duka apewe mtu mwingine? Mtu mwingine amshike Bibi Vifungo, amvalishe gauni la pinki, amfundishe kulegeza macho? Alipitiliza hadi kibarazani bila hata kuvua viatu, akamwaga yote mbele ya mumewe, aliyekuwa amepiga magoti akivuta kitambaa cha kochi la mtu. Alitegemea walau aguniwe kidogo, asikie kwamba yuko na mwenzake.

Fundi aliitoa misumari mdomoni, akaiweka kwenye kopo.

"Lakini mama watoto, meneja hajakosea."

"Unasemaje?"

"Mimi nangoja wapendane tangu siku ya kwanza."

Ala! Mama alitafuta pa kukaa, viti vyote havina makalio, akabaki amesimama. "Wewe? Wewe baba watoto, uliyetema misumari kwa ajili ya ugomvi wa wale watu, leo unataka mapenzi? Umekula nini leo?"

"Nimesema tu."

"Hujasema tu. Umenichoma kisu!"

Fundi akarudisha misumari mdomoni, na hiyo ndiyo iliyomuudhi mkewe kuliko yote, maana mtu mwenye misumari mdomoni utabishana naye vipi?

Siku zilizofuata nyumba ile haikukalika. Kompyuta ilikaa wazi mezani, haina neno. Mama alijaribu kumfanya Fundi Saa aseme "nakupenda", akasikia kichefuchefu, akafuta. Akajaribu kumpa barua, akafuta. Akajaribu waridi. Waridi, kwa fundi saa ambaye hata chai huwa anaisahau mpaka inaota ngozi! Alifuta kwa hasira hadi binti yake aliyepiga simu kumsalimia akauliza kama kuna mtu anatwanga kitu. Binti naye, alipoelezwa, akasema, "Lakini mama, si wataoana mwishowe?" Mama alikata simu.

Jumapili mchana walikula kimyakimya. Baada ya kula, fundi alijitilia sukari kwenye chai, akakiacha kijiko chenye maji ndani ya kopo la sukari, kama alivyokiacha tangu waoane, na sukari ikaanza kugandamana pale pale. Mama alikiona. Kwa mara ya kwanza hakusema kitu. Alikuwa amechoka kweli.

"Hata hicho ulikipeleka kule," fundi alisema.

"Nini?"

"Kijiko. Ulikifanya cha Fundi Saa, kile kipindi cha mafuta ya saa." Alikizungusha kikombe cha chai polepole. "Mkoromo wangu ulikwenda. Kusema nakuja wakati hata suruali sijavaa, ulikwenda. Kule kwenye duka la misumari wananiita Fundi Saa, unajua? Nikiingia wanauliza kama nimeamka."

"Hukuwahi kuniambia kama unaumia."

"Siumii. Nilicheka, si uliona? Sikucheka kukufurahisha. Ila kila Alhamisi kikiisha huwa najiuliza. Huyu mwanamke, akishafunga duka akaenda zake, anampenda huyu bwana, au anamvumilia tu kwa sababu ya kodi? Kwenye televisheni hasemi. Na hapa nyumbani..." Aliinua mabega. "Nikasema, anayeandika ni mke wangu. Siku moja ataandika, na mimi nitajua."

Mama Vituko alikodoa macho. Miaka yote hiyo huyu mwanaume alikuwa amekaa chini ya viti vya watu akingoja jibu, na yeye alikuwa anahesabu misumari! Aibu ikampanda, na kwa kuwa aibu hakuizoea, ikatoka kama hasira.

"Anampenda!" alifoka, akapiga meza. "Anampenda, we mwanaume mzito! Angekuwa hampendi si angekodi chumba kingine? Vyumba vimekwisha mjini? Anawahi kila siku ili amuone akifika! Pazia analisogeza kwa sababu akiwa upande wake hamwoni vizuri! Miaka yote anamsema huyo mtu, angekuwa hamtaki angemsema wa nini? Watu hawapotezi mate yao bure! Anampenda mpaka anachoka, anampenda mpaka kichwa kinamuuma, na sasa kitoe hicho kijiko kwenye sukari!"

Fundi alikitoa kijiko. Alikifuta kwa kitambaa, akakiweka kwenye sahani.

"Sawa," alisema. Akaenda zake kibarazani, na mkewe akamsikia akipiga mluzi, kitu ambacho mtu mwenye misumari hawezi.

Mama alibaki mezani akihema. Halafu vidole vikaanza kumwasha. Jamani, mwandishi ni mtu wa ajabu, hata machozi yake anayaonja kwanza aone kama yana chumvi ya kutosha. Alivuta kompyuta, akaandika yale yale aliyoyasema, neno kwa neno, ila kijiko akakirudisha dukani na kelele akazipa Bibi Vifungo. Alipomaliza akasoma. Akasoma tena. Ilikuwa nzuri kuliko chochote alichopata kuandika. Mapenzi yamesemwa, meneja atafurahi, na pazia liko pale pale! Bibi Vifungo kakiri kila kitu na ulimi wake haujapungua hata nukta. Kesho yake wangegombana vile vile, na watu wangecheka zaidi, maana sasa wangejua. Nusu Duka ilikuwa imepona.

Alikimbilia kibarazani na kompyuta mkononi, akamsomea mumewe kwa sauti ya Bibi Vifungo, mpaka mwisho.

Fundi hakucheka. Alikuwa ameacha kupigilia tangu mstari wa pili.

"Hayo si umeniambia mimi?" aliuliza.

"Ndiyo! Umeona yalivyokaa?"

"Yamekaa vizuri sana." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Mke wangu, mambo yangu yote umeyapeleka kule na sijawahi kukukataza. Hili usilipeleke. Hili niachie mimi."

"Baba watoto, huelewi. Hili ndilo linaokoa kipindi! Nitakwambia mengine, nitakwambia mia."

"Hujaniambia mengine. Umeniambia hili."

"Unajua nikilifuta kesho napeleka nini? Unajua watanifanyia nini?"

"Sijui," alisema fundi. "Ukilipeleka sitagombana na wewe. Lakini Alhamisi watu wote watakuwa wameambiwa, na mimi nitarudi kuwa Fundi Saa."

Mama alizunguka kibaraza kizima. Alimwita mbinafsi. Alimwita mtoto. Alimuuliza kama anajua chakula cha nyumba hii kinatoka wapi, naye akajibu kwamba nusu kinatoka kwenye makochi, jibu ambalo lilikuwa la kweli na kwa hiyo likamkera maradufu. Alikaa juu ya furushi la sponji, likazama naye hadi chini. Mumewe akampa mkono kumnyanyua, na mkono ule haukuwa unamwomba chochote. Hapo hapo, amesimama, kompyuta ameiegemeza kwenye mgongo wa kochi la mtu, alilifuta lote.

Jumatatu alimpelekea meneja busu. Fundi Saa alisema macho ya Bibi Vifungo yanang'aa kama nyota, na Bibi Vifungo akainamisha kichwa. Meneja alisimama kwenye kiti. "Dada yangu! Kumbe unaweza! Kwa nini ulikuwa unatubania?"

Kwa wiki kadhaa watu walishangilia. Pazia lilitolewa. Kisha ikawa kama alivyosema, hatua kwa hatua, na hakuna kitu kinachoudhi kama kuwa sahihi wakati hakuna anayekumbuka kwamba ulisema. Sokoni mwanamke asiyemjua alimshika mkono. "Dada, yule Bibi Vifungo kapatwa na nini? Siku hizi hana maneno kabisa, anaitikia tu. Anaumwa?"

Mpenzi wa zamani alipokwisha kushuka kwenye ndege, meneja alimwita tena ofisini. Upole wake ulikuwa umechoka.

"Dada yangu, watu hawacheki. Wakubwa wanasema tukifunge kipindi. Nakuomba, fikiria. Huna kitu chochote, hata ukurasa mmoja, ambacho wale wawili wanapendana na bado kinachekesha? Ukinipa hicho, nakwenda kuwapigania sasa hivi."

Alikuwa nacho. Alikikumbuka chote, kila neno na mahali ambapo Bibi Vifungo angepiga meza, na alijua hakika kwamba kingeokoa duka. Mama Vituko alijua kwamba atalia akifika garini, akauvuta mkoba wake begani.

"Sina," alisema.