Jino Lililosuguliwa

Bweni la wasichana lilikuwa na vitanda arobaini na vinne, na kila asubuhi matroni alipitisha kidole chini ya kila kimoja. Kidole kikitoka na vumbi, mwenye kitanda alifagia safu nzima. Wasichana walimbandika jina la Bi Takasa, mwanzoni kwa kumcheka, baadaye kwa mazoea, hadi mwalimu mkuu naye akawa anamwita hivyo mbele ya wageni. Hakuchukia. Hakuwa na mume wala mtoto, na sifa aliyokuwa nayo ilikuwa hiyo moja: mikononi mwake hakuna kinachooza.

Ndiyo maana mdogo wake wa kiume alipomleta binti yake wa miaka kumi na moja kuanza darasa la tano, hakukaa hata kunywa chai. Aliliweka sanduku la mtoto mlangoni, akasema, "Dada, huyu sasa ni wako. Mimi hata sitauliza."

Mtoto alikuwa mchangamfu, mwenye kicheko cha kufungua mdomo mzima. Hadharani alimwita shangazi yake Matroni kama wenzake, na wakiwa wawili stoo wakikunja mashuka alimwita Shangazi. Mwaka wa kwanza ulipita vizuri.

Mwaka wa pili, siku moja saa kumi jioni, walikuwa wanacheza netiboli. Mpira ulirushwa juu, wasichana watatu wakaurukia pamoja, na kiwiko cha mmoja kikampata yule mtoto mdomoni. Aliletwa chumba cha huduma ya kwanza akiwa ameshikwa pande mbili, damu imeshuka hadi kwenye soksi. Alikuwa amefumba kiganja. Alipokifumbua, ndani mlikuwa na jino la mbele, zima, na mzizi wake wote.

Matroni hakuwahi kuona mzizi wa jino. Ulikuwa mrefu kuliko alivyodhani, na juu yake palikuwa na kitu cha waridi chenye utelezi, kimeshikamana na mchanga wa uwanjani.

"Shangazi, linarudi?" mtoto aliuliza, na mbele za watu hakukumbuka kusema Matroni.

"Litarudi. Lakini kwanza liwe safi."

Mpishi wa shule alikuwa amefuata zile kelele. Alisimama mlangoni na aproni yake, akasema taratibu, "Matroni, mimi nilisikia redioni kwamba jino likitoka linawekwa kwenye maziwa. Nina maziwa jikoni, bado sijayachemsha."

"Maziwa?" matroni alisema bila kugeuka. "Hili ni jino, si chai."

Wasichana wawili walicheka kidogo. Mpishi akarudi jikoni.

Matroni alivaa glavu. Alilitumbukiza jino kwenye kikombe cha spiriti, akatoa mswaki mpya kwenye karatasi yake, akatia sabuni, akasugua. Alisugua ule mzizi mpaka utelezi wote wa waridi ukatoka na jino likang'aa kama ushanga. Alilikausha kwa pamba, akalifunga kwenye karatasi laini, akaitia karatasi ndani ya bahasha. Kisha akamtazama mtoto na kuona hawezi kumpeleka mjini na nguo zile. Alimwosha uso, akambadilisha sare, akamtafutia soksi nyingine. Dereva wa shule alipiga honi mara mbili.

Walipofika kwa daktari wa meno ilikuwa imepita saa moja na nusu tangu jino litoke. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alifungua bahasha, akaligeuza jino kwenye mwanga wa taa, akauliza, "Nani amelisafisha?"

"Mimi," alisema matroni. Alikuwa karibu atabasamu, akidhani anasifiwa.

"Mzizi una utando mwembamba, nao una uhai. Huo ndio unaolishikisha jino tena kwenye taya. Hapa umeisha wote." Daktari hakuinua sauti. "Siku nyingine jino la ukubwani likitoka, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lipitishe kwenye maziwa au maji safi, mara moja tu, usilisugue. Kisha lirudishe mahali pake pale pale, mtoto aume kitambaa, mje mbio. Ukiogopa kulirudisha, litie kwenye maziwa. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani."

Matroni alisikia kila neno. Alilosikia zaidi ni maziwa.

Daktari alilirudisha jino hata hivyo, akalifunga kwa waya kwenye majirani zake. Alisema wazi kwamba litakaa kwa muda, halafu taya litaula mzizi polepole. Lilikaa miezi minane. Kila usiku kabla ya kuzima taa matroni alipita kitanda cha mtoto kuuliza kama limelegea, na kila usiku mtoto alijibu bado, hadi usiku aliposema ndiyo.

Baba mtu alikuja kumchukua. Safari hii alikaa, ila chai hakuigusa.

"Angekuwa nyumbani," alisema, "mama yake angelia tu. Asingegusa kitu. Na huko kulia kungekuwa nafuu, dada."

"Nilitaka liwe safi."

"Najua ulichotaka."

Mtoto alihamishiwa shule ya kutwa karibu na kwao. Alitengenezewa jino la bandia la kuvaa na kuvua, limekaa kwenye kipande cha plastiki ya waridi. Akajifunza kucheka na mkono mdomoni. Matroni alikuwa akienda kwao mara mbili kwa mwaka, anapewa kiti kizuri, anaulizwa habari za kazi, na hakuna anayemuuliza lingine.

Alimwomba msamaha mpishi. Mpishi akasema, "Yamekwisha, Matroni," kwa namna iliyoonyesha kwamba hayajaisha. Jumamosi moja alikwenda tena kwa yule daktari, akaketi na daftari kama mwanafunzi, akauliza kila kitu: jino likitoka, likivunjika, fizi zikivimba, usaha ukitokea. Akaandika kwa herufi kubwa, akabandika ukutani chumba cha huduma ya kwanza. Wasichana wakasema Bi Takasa sasa amehamia vinywani.

Miaka minne baada ya lile la netiboli, mtoto wa darasa la sita alijikwaa kwenye ngazi za bweni. Jino lilipatikana kwenye majani. Matroni alilishika kwa juu, akalipitisha kwenye kikombe cha maziwa, akalirudisha kwenye tundu lake kwa kidole kimoja huku mtoto akilia, akampa leso safi aiume. Alimpakia garini na damu yake na sare yake chafu. Jino likashika. Wazazi walikuja kumshukuru mbele ya shule nzima, mwalimu mkuu akatoa hotuba. Matroni alisimama ameangalia viatu vyake mpaka makofi yakaisha.

Habari zilifika kwa mdogo wake. Habari za namna hiyo hufika.

Mwaka uliofuata wifi yake, mama wa yule binti, alifanyiwa upasuaji wa mguu, na matroni akaenda kusaidia. Binti sasa alikuwa na miaka kumi na saba, ndiye anayepika. Matroni alimwona akiuma mkate kwa upande, na binti alipoinama kumpa chai, ufizi kuzunguka lile jino la bandia ulikuwa mwekundu umevimba, na pumzi ilikuwa na harufu anayoijua. Aliujua wekundu ule. Aliuona pia mwaka uliotangulia, akafumba macho, kwa sababu katika watu wote duniani yeye hakuona ana haki ya kukitaja kinywa kile.

Safari hii alipiga moyo konde.

"Mwanangu, hilo jino unalala nalo?"

Binti aliweka kijiko chini. "Nalala nalo. Sipendi kujiona nimelivua."

"Livue usiku, uliloweke kwenye maji safi, ufizi upumzike. Na ukipiga mswaki damu inatoka?"

"Inatoka. Kwa hiyo upande huo nimeacha."

"Hapo ndipo pasipotakiwa kuachwa. Damu ni dalili ya uchafu uliojificha chini ya ufizi. Utumie mswaki laini, usugue polepole."

"Nisugue," alisema binti.

Sufuria ilikuwa inachemka na hakuna aliyeinuka.

"Tulisikia habari za yule mtoto wa darasa la sita," binti akaendelea. "Jino lake limeshika?"

"Limeshika."

"Kwa hiyo ulijifunzia kwangu."

"Ndiyo," alisema shangazi yake. Kisha akauliza, "Jino la pembeni linacheza?"

Binti aligusa kwa ulimi. "Kidogo."

"Nenda kwa daktari wiki hii. Usiende kwa ajili yangu. Nenda tu."

Wiki mbili baadaye ujumbe ulimkuta stoo, akihesabu mashuka. "Nimekwenda. Wamesafisha chini ya ufizi, nitarudi tena mara mbili. La pembeni huenda likabaki. Daktari anasema ningekuja mwaka jana lisingelegea kabisa."

Matroni aliketi juu ya rundo la mashuka, jambo ambalo angemwadhibu mwanafunzi kwa kulifanya. Aliandika jibu refu kuhusu mwaka jana, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta. Mwisho alituma, "Vizuri. Usikose siku ya kurudi."

Binti hakukosa, na jino limebaki, ingawa ufizi wake umeshuka na mzizi unaonekana. Bado hucheka na mkono mdomoni. Baba yake naye humpigia dada yake simu kila sikukuu, humuuliza afya, humtakia heri, kwa adabu zote, kama mtu anavyomsalimia mama mwenye nyumba aliyopanga zamani.